Chi, Mishipa na Mizani: Uhakiki wa Nadharia ya Tiba ya Kichina

UTANGULIZI

Kila yanapozuka majadiliano juu ya tiba za jadi, mfano wa China hutajwa mapema. Wapo wanaoutaja kwa sifa tupu: China haikuitupa tiba ya mababu zake, ikaiingiza hospitalini, na leo dunia nzima inaijua. Wapo wanaoutaja kwa dharau: kumchoma mtu sindano mguuni kwa ajili ya maumivu ya kichwa ni mazingaombwe yaliyovishwa koti jeupe. Pande zote mbili zina kasoro moja. Zinahukumu jina, hazihukumu hoja. Anayesifu husifu kwa sababu jambo limetoka kwa rafiki. Anayebeza hubeza kwa sababu halikutoka Ulaya. Hakuna kati yao aliyeuliza: nadharia hii inasema nini hasa, ilizaliwa katika mazingira gani, imepimwa vipi, na inamtumikia nani?

Maswali hayo hayakwepeki. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ambalo lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Sura yake ya 26 inaorodhesha hali za wagonjwa kwa mujibu wa tiba ya jadi yenye asili ya China, zikiwamo hitilafu za njia za chi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kuorodhesha hali hizo si kuthibitisha kwamba tiba zake zinafaa. Lakini mwenye duka la dawa mtaani hamsomei mteja wake tahadhari hiyo. Kwa hiyo suala hili si la wataalamu wa mambo ya kale peke yao. Ni suala la mgonjwa, fedha yake na muda wake.

NADHARIA YENYEWE

Kwa mujibu wa nadharia hii, ndani ya mwili hupita kitu kiitwacho chi. Chi hupita katika njia kuu 12, ambazo kwa pamoja na matawi yake huitwa jingluo. Kila njia imefungamanishwa na kiungo: mapafu, moyo, ini, wengu, figo, na kadhalika. Zipo pia njia nane za ziada. Juu ya njia hizo kuna nukta ambazo mganga huzichoma sindano, au huzipasha moto kwa kuunguza majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga.

Afya ni chi kupita bila kizuizi, na pande mbili za maumbile, yini na yangi, kuwa katika uwiano. Yini ni upande wa kivuli, baridi na utulivu. Yangi ni upande wa jua, joto na mwendo. Ugonjwa ni uwiano huo kuvurugika. Mahali fulani chi imepungua, nao huita utupu. Mahali pengine imezidi, nao huita ujazo. Au imekwama, au imegeuka na kwenda kinyume. Mganga huutambua mvurugiko huo kwa kumhoji mgonjwa, kumtazama ulimi na kumpima mapigo ya damu katika sehemu tatu za kila kifundo cha mkono. Kazi yake baada ya hapo ni kujaza penye utupu na kupunguza penye ujazo.

Mtu wa pwani yetu hataiona nadharia hii kuwa ngeni kabisa. Tiba ya Kiyunani, iliyotufikia kupitia vitabu vya wanazuoni wa Kiislamu, ilifundisha kuwa mwili una damu, balghamu, safura na sauda, na kwamba maradhi ni kuzidi au kupungua kwa kimojawapo. Mpaka leo wazee wa mwambao huwaeleza vijana kuwa chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi. Fikra ya mizani ya mwili, basi, si siri ya taifa moja. Imejitokeza katika jamii nyingi za kilimo zilizoishi kwa kutegemea msimu, mvua na ghala.

MISHIPA ILITOKA WAPI

Lugha yetu wenyewe inatusaidia kuelewa asili ya njia hizo. Tuchukue neno mshipa. Kuna mshipa wa damu. Kuna mshipa wa fahamu. Kuna mishipa ya shingo inayomtoka mtu anapopiga kelele. Na tena mshipa ni jina la ugonjwa unaoshuka kinenani na kuvimbisha korodani. Neno ni moja, vitu ni vinne. Huo si ujinga wa wahenga. Ni ushahidi wa jicho lililoona vitu virefu vinavyopita chini ya ngozi, likahisi maumivu yanayokwenda kwa mstari, likayaweka yote chini ya jina moja kabla ya kisu cha mpasuaji kuyatenganisha. Neno la kale la Kichina, mai, lilifanya kazi hiyo hiyo.

Ushahidi wa jambo hili ulifukuliwa ardhini. Mwaka 1973, huko Mawangdui katika mji wa Changsha, mkoa wa Hunan, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi lililokuwa limefungwa tangu mwaka 168 K.K. Ndani yake mlikuwa na maandishi ya tiba juu ya vitambaa vya hariri. Maandishi hayo yanaeleza mai 11, si 12. Kila moja inajitegemea. Haziungani kufanya mzunguko. Tiba inayotajwa kwa ajili yake ni kuunguza majani juu ya ngozi; sindano hazitajwi. Nadharia kamili ya njia 12 zinazozunguka inakuja baadaye, katika kitabu kiitwacho Huangdi Neijing, kilichokusanywa takribani karne ya pili na ya kwanza K.K., hasa katika sehemu yake iitwayo Lingshu.

Hapa msomaji na aulize: njia ya 12 ilipatikana vipi? Je, kuna mtu aliyeupasua mwili akaiona? Hapana. Mwaka una miezi 12, na mwili ulitakiwa ufanane na mwaka. Vivyo hivyo nukta za sindano. Huangdi Neijing inadai kuwa ziko 365, sawa na siku za mwaka. Lakini waganga walipozihesabu kwa majina hawakufika idadi hiyo. Huangfu Mi, katika karne ya tatu B.K., aliorodhesha 349. Wang Weiyi, aliyetengeneza sanamu maarufu ya shaba ya kufundishia mwaka 1027, aliweka 354. Orodha rasmi ya leo ina 361. Kalenda ilitangulia, mwili ukalazimishwa kuifuata. Huo ndio udhanifu: kuanza na wazo, kisha kuutafutia ukweli nafasi ndani yake.

Ni haki kuongeza kwamba China yenyewe haikukosa watu wa njia nyingine. Mwaka 16 B.K. mtawala Wang Mang aliamuru mwili wa mpinzani wake mmoja upasuliwe na matabibu wakisaidiwa na mchinjaji, viungo vipimwe, na vijiti vyembamba vya mwanzi vipitishwe ndani ya mai ili ijulikane zinaanzia wapi na kuishia wapi. Ulikuwa ukatili wa mtawala. Lakini unatuthibitishia kuwa katika fikra za watu wa wakati ule mai ilikuwa kitu chenye tundu, kinachoweza kupitishwa kijiti. Karne nyingi baadaye tabibu Wang Qingren, aliyeishi kati ya 1768 na 1831, alikwenda kwenye makaburi ya watoto waliokufa kwa tauni na kwenye viwanja vya kunyongea, akatazama viungo kwa macho yake, na mwaka 1830 akachapisha kitabu cha kusahihisha makosa ya matabibu waliomtangulia. Basi anayesema kwamba kuihoji nadharia ya kale ni kuiga Wazungu anawanyima Wachina wenyewe historia yao ya kuhoji.

MWILI KAMA DOLA

Kwa nini nadharia ilichukua sura hii na si nyingine? Jibu haliko angani, liko katika uchumi na siasa za wakati wake. Mwaka 221 K.K. dola ya Qin iliziunganisha falme zilizokuwa zikipigana. Nguvu za dola hiyo zilitegemea nafaka, maghala, barabara na mifereji. Kazi kubwa za maji za Dujiangyan na mfereji wa Zheng Guo zilijengwa katika karne hiyo hiyo ya tatu K.K. Kwa mtawala wa wakati ule, ufanisi ulikuwa maji kupita mferejini na nafaka kufika ghalani. Maafa yalikuwa mfereji kuziba, ghala moja kufurika na jingine kukauka.

Sasa tuitazame Huangdi Neijing. Moyo ni mfalme. Mapafu ni waziri. Ini ni jemadari. Tumbo na wengu ni maofisa wa maghala. Lingshu inazilinganisha njia 12 za mwili na mito 12 ya nchi. Neno jing lenyewe lina asili ya ufumaji. Ni mtande, nyuzi ndefu zinazoshikilia kitambaa kizima. Maradhi ni utupu na ujazo, kizuizi na mkwamo: lugha ya msimamizi wa mifereji. Mwanahistoria wa Kijerumani Paul Unschuld ameuonyesha uhusiano huu baina ya dola moja iliyounganishwa na mwili mmoja wenye mzunguko. Hata kiungo kilichobuniwa ili hesabu itimie kilipata cheo cha uofisa wa maji. Hicho ndicho kiitwacho sehemu tatu za moto, ambacho kitabu cha kale Nanjing kinakiri kuwa kina jina lakini hakina umbo.

Tabaka tawala lilijitazama kwenye kioo likaona mwili wa binadamu. Na kioo hicho kina mafunzo yake ya kisiasa. Kama dola ni mwili, basi mkulima anayegoma ni ugonjwa. Na kama afya ni kila kiungo kubaki katika cheo chake, basi kudai mabadiliko ni kuvuruga chi. Fikra ya mizani, ambayo leo inauzwa kama hekima isiyo na wakati wala tabaka, ilikuwa na wakati na ilikuwa na tabaka.

NENO "NISHATI" LILIKOTOKA

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanafunzi wengi. Siku hizi husemwa kuwa chi ni nishati na kwamba njia zake ni mikondo ya nishati. Maneno haya yana harufu ya fizikia, na ndiyo maana yanamvuta kijana aliyesoma. Lakini hayakutoka China. George Soulié de Morant, Mfaransa aliyewahi kutumikia ubalozi mdogo wa nchi yake huko China, aliieneza tiba ya sindano Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kitabu chake kikubwa kilianza kuchapwa mwaka 1939. Ndiye aliyeitafsiri jing kwa neno linalotumiwa kwa mistari ya longitudo kwenye ramani ya dunia, na chi akaiita nishati.

Neno la Kichina lina maana pana zaidi na ya kawaida zaidi: mvuke, pumzi, hewa, hali ya anga. Herufi yake ya kale ina alama ya mchele ndani yake. Kiswahili tungesema pumzi, au uzima, na tungekuwa karibu zaidi na asili kuliko Mfaransa yule. Nishati ya fizikia hupimwa kwa kipimo, hugeuka kutoka sura moja kwenda nyingine kwa kiasi kinachojulikana, na haipotei. Hakuna aliyewahi kuipima chi kwa namna hiyo. Kumwambia mgonjwa kwamba nishati yake imepungua ni kuazima heshima ya sayansi bila kulipa gharama yake, ambayo ni kupima.

SERA NA NADHARIA

Tiba ya Kichina kama tunavyoijua leo si urithi uliofika ukiwa mzima kutoka zama za kale. Mwaka 1822 utawala wa Qing uliifuta idara ya sindano katika chuo cha matabibu wa ikulu. Februari 1929, chini ya serikali ya Kuomintang, mkutano wa afya ulikubali pendekezo la daktari Yu Yunxiu la kuiondoa tiba ya zamani, na matabibu wa jadi wakakusanyika Shanghai mwezi Machi kupinga. Ilikuwa katika miaka hiyo ya 1930 ambapo tabibu Cheng Dan'an alizihamisha nukta za sindano kulingana na elimu ya mwili ya kisasa, akaziepusha na mishipa mikubwa ya damu, na kueneza sindano nyembamba. Sindano anayochomwa mgonjwa leo, basi, inadaiwa mengi na marekebisho ya karne ya 20.

Baada ya ushindi wa 1949, Chama cha Kikomunisti cha China kilikabiliwa na hali ngumu: watu zaidi ya milioni 500, na madaktari wa kisasa makumi machache ya maelfu tu, wengi wao mijini. Waganga wa jadi ndio waliokuwa vijijini. Kuwatumia lilikuwa jambo la busara na la lazima. Chuo cha utafiti kilianzishwa Beijing mwaka 1955. Mwaka 1956 vikafuata vyuo vinne vya kufundishia, katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Oktoba 1958 Mao Zedong aliitaja tiba hiyo kuwa hazina kubwa inayopaswa kuchimbuliwa na kuinuliwa. Kuchimbua maana yake ni kutenganisha dhahabu na udongo. Wengi waliosikia waliukumbuka utajiri wa hazina, wakaisahau kazi ya sururu.

Waandishi wa vitabu vya vyuo hivyo walikuwa na tatizo: itakuwaje nadharia ya dola ya kikabaila ifundishwe katika nchi inayofuata uyakinifu? Njia moja waliyoitumia ni kusema kuwa yini na yangi ni dialektika ya kale. Lugha iliwasaidia, kwani neno la tiba linalomaanisha kuainisha hali ya mgonjwa na neno linalomaanisha dialektika yote mawili hutamkwa bianzheng. Lakini kufanana kwa matamshi si kufanana kwa fikra. Katika dialektika, migongano huzaa hali mpya. Kilichokuwepo hakirudi kama kilivyokuwa. Katika yini na yangi, mambo huzunguka kama majira ya mwaka na lengo ni kuyarudisha yalipokuwa. Moja ni nadharia ya mabadiliko, nyingine ni nadharia ya marejeo. Kada anayezichanganya hizi mbili atakosea katika mambo makubwa kuliko sindano.

Korea ya Kaskazini ilitoa funzo kali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Kim Bong-han alitangaza kwamba amevumbua mirija yenyewe, kwa darubini, ndani ya miili ya wanyama. Akajengewa taasisi, na taarifa zake zikatafsiriwa na kusambazwa nchi za nje. Watafiti wa kwingineko walijaribu kuiona mirija hiyo kwa njia alizoeleza, wakashindwa kuithibitisha. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 taasisi ikafungwa na jina lake likanyamaza. Amri inaweza kujenga taasisi. Haiwezi kujenga mshipa.

KIPIMO CHA VITENDO

Kipimo cha ukweli ni vitendo. Tuipeleke nadharia kwenye kipimo hicho bila chuki wala upendeleo.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Ujerumani kwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waligawanywa makundi matatu kwa kura. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwa mujibu wa nadharia ya Kichina. Kundi la pili lilichomwa sindano za kuigiza: kijuujuu tu, na mahali pasipo na nukta yoyote. Kundi la tatu lilipewa dawa, mazoezi na matibabu ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, kundi la pili asilimia 44.2, kundi la tatu asilimia 27.4.

Mfuasi wa sindano atashangilia: sindano zimeshinda dawa. Ni kweli. Lakini tutazame tena. Aliyechomwa mahali panapotakiwa na aliyechomwa ovyo wamepata nafuu karibu sawa. Kama njia za chi zingekuwa ndizo zinazoponya, kundi la pili lingeachwa nyuma sana. Mwaka 2012 watafiti waliunganisha majaribio 29 yenye wagonjwa 17,922 wa maumivu sugu, wakaona kuwa sindano halisi huzizidi zile za kuigiza, ila kwa kiasi kidogo. Sehemu kubwa ya nafuu hupatikana kwa zote mbili. Kwa hiyo kuna kitu kinafanya kazi, lakini ramani haihusiki nacho sana. Kitu hicho ni nini? Mwanasayansi wa Kichina Han Jisheng, aliyeanza utafiti wake Beijing mwaka 1965, alionyesha pamoja na wenzake kuwa kuchokoza mishipa ya fahamu kwa sindano huufanya ubongo utoe kemikali zake za kutuliza maumivu, ambazo hutenda kama afyuni. Kuongezea hapo kuna matumaini ya mgonjwa, mapumziko, na daktari anayekaa naye na kumsikiliza. Hayo yote ni mambo ya kuonekana na kupimwa.

Habari za magazeti nazo zichujwe. Julai 1971 mwandishi wa Marekani James Reston aliandika kuwa alitibiwa kwa sindano Beijing, na tangu hapo imesimuliwa mara nyingi kuwa alipasuliwa bila dawa ya ganzi. Sivyo alivyoandika. Kidole tumbo chake kilitolewa kwa dawa ya ganzi ya kawaida. Sindano zilitumika baada ya upasuaji, kutuliza tumbo lililojaa gesi.

Tuulinganishe mfano huo na wa pili. Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua maandiko ya kale wakakuta maelekezo ya Ge Hong, wa karne ya nne B.K.: mmea wa qinghao uloweshwe majini na kukamuliwa juisi yake. Hapakutajwa kuchemsha. Tu akaelewa kuwa huenda joto huiharibu dawa, akaikamua kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata kilichoua vimelea katika panya wa majaribio. Yeye na wenzake wakainywa kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Hiyo ndiyo dawa iliyomo ndani ya dawa ya mseto, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2006 baada ya vimelea kuzizoea dawa za awali.

Mifano yote miwili inatoka katika hazina ile ile. Kwa nini mmoja umeokoa mamilioni na mwingine bado unabishaniwa? Kwa sababu Tu Youyou hakuuliza qinghao inaingia katika njia ipi ya chi. Aliuliza kama inaua kimelea. Alichukua uzoefu wa wananchi, akauvua vazi la ukabaila, akaupeleka maabara.

KASORO YA FIKRA YA MIZANI

Hata hivyo kasoro kubwa ya nadharia ya mizani si kwamba njia zake hazionekani. Kasoro yake ni mahali inapoelekeza macho. Inamtazama mgonjwa peke yake, ndani ya ngozi yake. Inauliza kiungo kipi kimezidi na kipi kimepungua. Haiulizi alikunywa maji gani.

Uthibitisho umo katika historia ya China yenyewe. Katika miaka ya 1950 mamilioni ya wakulima wa bonde la mto Yangtze walikuwa na kichocho. Ini lilivimba, tumbo likajaa maji, vijiji vikapoteza watu. Tabibu wa kale angeweza kueleza hali hiyo kwa ufasaha: ini limekwama, wengu una utupu. Maelezo hayo yalidumu kwa karne nyingi, na kichocho nacho kikadumu. Kilichobadilisha hali ni umma uliopangwa kazini: mifereji ya zamani ikafukiwa pamoja na konokono wake, mipya ikachimbwa, kinyesi kikahifadhiwa kabla ya kutiwa shambani, wagonjwa wakapewa dawa za kuua minyoo. Mwaka 1958 wilaya ya Yujiang, mkoa wa Jiangxi, ilitangaza kuwa imekitokomeza. Mfereji uliozibwa ulikuwa wa udongo.

Funzo hilo lilifika hata kwetu. Mkoa wa Jiangsu umekuwa ukipeleka timu za madaktari Zanzibar tangu miaka ya 1960, kama mkoa wa Shandong ulivyofanya Tanzania Bara tangu 1968. Kati ya mwaka 2017 na 2020 wataalamu wa Jiangsu walishirikiana na Wazanzibari kisiwani Pemba kupambana na kichocho. Hawakwenda mabondeni na ramani ya jingluo. Walipima mkojo, wakawapa watu dawa, wakawatafuta konokono kwenye maji na kuwaua. Heshima yetu kwa marafiki hao iwe kwa kazi hiyo.

WACHUUZI WA MIZANI

Nadharia isiyopimika ni mali nzuri kwa mfanyabiashara, kwa sababu hakuna mteja atakayethibitisha kuwa amedanganywa. Katika miji yetu imeenea mashine ndogo: mteja hushikishwa kifimbo cha chuma, na baada ya dakika chache hupewa karatasi inayomweleza hali ya ini, figo, mifupa na "nishati" ya mwili wake wote. Hakutolewa damu, hakupigwa picha, hakuguswa. Karatasi hiyo kwa kawaida haikosi tatizo, na duka kwa kawaida halikosi dawa ya tatizo hilo. Mama mwenye kisukari anaambiwa mizani yake imeyumba. Ananunua chupa kwa fedha ya mwezi mzima, anaacha vidonge vya hospitali, na anarudi akiwa na kidonda mguuni.

Tuwe waangalifu hapa: lawama hii si ya taifa la China. Wachuuzi hao ni wa rangi zote, na wengi ni wa kwetu. Ila mnyororo wa biashara ni mrefu kuliko duka la mtaani. Gundi inayopikwa kwa ngozi ya punda, iitwayo ejiao, inayosifiwa kuwa hujaza damu yenye upungufu, imefanya punda wa Afrika wachinjwe na kuibwa kwa wingi, hata Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaamua kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Utupu unaosemekana kuwa katika damu ya tajiri wa mjini unajazwa kwa mgongo wa mwanamke wa kijijini, ambaye punda wake alikuwa akimbebea maji na kuni. Hiyo nayo ni mizani, na haina budi kuchunguzwa.

HITIMISHO

Uhakiki huu unatufikisha kwenye mambo matatu.

Kwanza, nadharia na uzoefu vitenganishwe. Uzoefu wa karne nyingi wa kushika mapigo ya damu, kujua mimea na kutuliza maumivu ni mali ya wananchi na unastahili utafiti. Ramani ya njia 12, iliyochorwa kwa kufuata kalenda na dola, ni historia; isomwe kama historia.

Pili, tusiwapime wengine kwa kipimo ambacho hatujipimi wenyewe. Kitengo cha utafiti wa tiba ya asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilitungwa mwaka 2002. Maswali tuliyoiuliza chi ndiyo yanayopaswa kuulizwa juu ya mizizi na magome yetu: kinaponya nini, kwa kiasi gani, kwa nani, na kina madhara gani. Mganga mkweli hayaogopi maswali hayo.

Tatu, anayezungumza na wananchi juu ya afya asiishie ndani ya ngozi ya mgonjwa. Aulize kisima kiko wapi, choo kiko wapi, zahanati ina dawa au haina, na nani anafaidika inapokosa. Mgonjwa anayeambiwa kuwa nishati yake imeyumba anapewa jambo la kununua. Anayeelezwa kuwa kichocho kinatoka bwawani anapewa jambo la kufanya, pamoja na jirani zake. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kazi yetu.